Tupeane uzoefu: karo, basari na kuingia chuo kikuu cha Kanisa (tulio Mombasa)

MamaBaraka_Mikindani:
Jana jioni kijana wa jirani amekuja kunionyesha barua ya udahili, chuo kikuu cha Kanisa huko Nairobi. Ukurasa wa kwanza pongezi, wa pili karo. Mamake anauza viazi karai na bajia pale kituoni, na ile karatasi aliishika kwa ncha za vidole asiipake mafuta. Akaniuliza, "Hii ni ya mwaka ama ya muhula?" Nikamwambia ya muhula. Akanyamaza.

Wangu alishamaliza zamani kidogo na mambo yamebadilika. Mlio na watoto huko, ama mliosoma wenyewe, semeni. Karo mlilipaje, msaada mliupata wapi, na ni kitu gani mngependa kuambiwa kabla ya kulipia fomu? Nitamsomea yule mama majibu, kwa hivyo semeni kweli.

Kijana_wa_Tudor:
Sasa Nairobi ya nini? Chuo kikuu cha TUM kiko hapa Tudor, cha Pwani kiko Kilifi. Atalala kwao, atakula kwao. Watu wanapenda kujitesa.

MamaBaraka_Mikindani:
Kozi aliyoitaka hakuipata hapa, kaka. Na kijana ana B ya kavu, hakubahatisha. Tujibu swali.

Chaani_Halisi:
Mama Baraka umenigusa pabaya. Nitaandika ndefu, mnisamehe.

Babangu alikuwa dereva wa lori, makasha ya bandarini. Nikaingia chuo mwaka ule kazi iko. Ikaja 2019, makasha yakaamriwa kwenda Nairobi kwa reli, na anayeishi Changamwe ama Miritini anajua kilichotokea: malori yakalala, vibanda vya chakula vikafungwa, mabarobaro wakarudi kukaa barazani. Baba akawa anatuma elfu tatu, elfu mbili, wiki nyingine hakuna. Mimi niko Nairobi, salio linapanda.

Wiki ya mitihani ikafika. Kwetu hakuna kuingia chumba cha mtihani bila kadi, na kadi haitoki ukiwa na salio. Nikapanga foleni ofisi ya fedha tangu alfajiri. Mbele yangu kuna msichana ana bahasha ya pesa, anahesabu, anarudia, anahesabu. Nilipofika dirishani yule bwana hakuinua macho. "Rudi na risiti." Mtihani wa takwimu ni saa tatu, na hiyo ilikuwa saa mbili na nusu. Nikampigia baba, simu inaita tu. Baadaye nikaja kujua alikuwa kwa mtu wa Jomvu anaomba kukopeshwa.

Nilikaa kwenye ngazi. Wenzangu wanapita na vikokotoo vyao mkononi, wananisalimia, nami najifanya nafunga kamba za viatu. Akapita sista mmoja mtu mzima, akaniuliza ninangoja nani. Nikashindwa kujibu, machozi yakajibu. Akanishika mkono hadi kwa mlezi wa wanafunzi, akaniambia andika hapa: jina, nambari, salio, na utalipa lini na lini. Aliyekuwepo akatia sahihi, ikagongwa muhuri mwekundu, nikakimbia nayo. Niliingia mtihani umeshaanza, wino haujakauka, ukapaka jalada la kitabu cha majibu. Msimamizi akautazama ule wekundu, akanitazama mimi, akanionyesha kiti.

Ile fomu ya kulipa kidogo kidogo ilikuwepo tangu muhula ulipofunguliwa! Iko kwenye droo. Hakuna aliyetutangazia, na sisi watoto wa huku chini tukifika kule tunaona aibu kuuliza pesa. Mwambieni huyo mama: siku ya kwanza kabisa kijana aulize ofisi mbili, ya fedha na ya mlezi wa wanafunzi. Asingoje mtihani.

BintiWaLikoni:
Hizo ngazi nazijua. Tuko wengi tuliozikalia.

Mzee_wa_Jumuiya:
Pole sana mwanangu Chaani. Sista huyo Mungu ambariki.

AbuSwafiya:
Nina swali, na si kwa ubaya. Mtoto wa Kiislamu anaenda kusoma kwa mapadri, karo anatoa wapi ikiwa wao wenyewe Wakristo wanasoma bure?

Mzee_wa_Jumuiya:
Bure ya nani, ami? Mimi nimebatizwa mtoto mchanga, nimekuwa katekista, na nimelipa kila shilingi ya binti yangu. Jumuiya yetu ndogo ilichanga nauli na godoro. Karo nilitafuta mwenyewe. Vyuo hivi havipati mgao wa serikali kama vya umma, vinaendeshwa kwa karo ya wanafunzi na wafadhili. Watu waache kusema maneno wasiyoyajua.

AbuSwafiya:
Nimeuliza tu mzee wangu, usipandishe.

BiZuhura_Majengo:
Abu, ngoja nikujibu mimi kwa sababu yamenipitia. Binti yangu amesoma huko miaka minne na buibui lake na mtandio wake. Siku ya kufungua walikuwa na misa, aliyetaka akaingia. Lililokuwa lazima ni somo la falsafa na somo la maadili, kila mwanafunzi, dini yoyote. Falsafa alipata A, alhamdulillahi.

Na fomu ya basari ya chuo ilikuwa na nafasi ya chifu na nafasi ya kiongozi wa dini. Imamu wetu wa mtaani akaijaza, akaandika yatima huyu namjua, mamake anashona nguo. Ikakubaliwa sawa na ya padri. Walimpunguzia sehemu ya karo, si yote, na kila mwaka akaomba upya na kupeleka matokeo. Alama zikishuka inaondolewa. Hilo muwaambie watoto mapema.

Kijana_wa_Tudor:
Bado nasema, chuo cha binafsi ni cha waliokosa alama za serikali.

BiZuhura_Majengo:
Mwanangu, wangu alikuwa na A- ya KCSE, ule mtihani wa kidato cha nne. Punguza mdomo.

Mwalimu_Mstaafu_Kizingo:
Tuliepushe hili na matusi. Niweke mambo mawili matatu sawasawa maana nimeshawapeleka wanafunzi wengi.

Kwanza, chuo kipi? Watu husema "cha Kanisa" wakachanganya. CUEA ya Lang'ata ni ya AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, ilianza 1984 kama taasisi ya teolojia, Papa Yohane Paulo wa Pili akaifungua rasmi 1985, ikapata hati ya chuo kikuu 1992. Tangaza ni ya mashirika ya watawa, ilianza 1986, na hati yake yenyewe imeipata 2024 tu. Strathmore ilianza 1961, malezi yake ya kiroho ni ya Opus Dei, taasisi ya Kikatoliki. Karo zao hazilingani hata kidogo, wala basari zao. Mzazi asikie "Katoliki" akadhani ni duka moja, hapana.

Pili, alama. Shahada ni C+ ya jumla, pamoja na alama za masomo ya kozi yenyewe. Mwenye C- anaanza diploma kisha anapanda. Hakuna aibu.

Tatu, pesa ya serikali. Hapa ndipo wazazi wengi wanaumia. Kuanzia kundi lililoingia 2023, anayepangwa na KUCCPS, wale wa serikali wanaogawa nafasi za vyuo, kwenda chuo cha binafsi hapati ule ufadhili wa masomo wa serikali. Anaweza kuomba mkopo wa HELB tu, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi. Kundi la kabla yao, tangu 2016, serikali ilikuwa inachangia karo. Kwa hivyo ukisikia mtu wa 2018 akikwambia "wangu alilipiwa", anasema kweli, ila si kweli ya leo. Katika tovuti ya KUCCPS gharama ya kozi imeandikwa kando ya jina la kozi. Kijana aisome kabla ya kubonyeza, na mzazi aketi naye.

MamaBaraka_Mikindani:
Asante sana mwalimu. Hili la 2023 sikulijua, na ndilo nililokuwa nataka kumwambia yule mama vingine.

Ustadh_Bin_Kibokoni:
HELB ina riba asilimia 4. Riba ni riba. Afadhali auze kiwanja.

BintiWaLikoni:
Kiwanja gani ustadhi? Mama anauza viazi karai.

Chaani_Halisi:
Mkopo uliniokoa na nimeanza kuulipa. Unaanza kulipa mwaka mmoja baada ya kumaliza. Ukipuuza kuna faini ya elfu tano kila mwezi, kwa hivyo hata ukiwa huna kazi uwasiliane nao. Achukue.

Ustadh_Bin_Kibokoni:
Nimesema langu. Kuna zaka, kuna basari ya kaunti, kuna CDF, ule mfuko wa eneo bunge. Milango ya halali ianze.

BiZuhura_Majengo:
Hapo niko na ustadhi. Sisi mkopo hatukuchukua. CDF walitoa hundi kwa jina la chuo, haikuwa kubwa, lakini ilifunga mdomo wa ofisi ya fedha muhula mzima. Siri ni kupeleka fomu siku zinapofunguliwa, si siku ya mwisho, na uhifadhi nakala iliyogongwa muhuri.

Mjomba_Kisauni:
Nimekuwa nasoma tu. Acha niseme letu, ingawa nyumbani hatulizungumzi.

Mpwa wangu alipata C, pointi moja chini. Akajitokeza mtu, anaheshimika, shati jeupe, anajua majina ya mapadri. Akasema ana mkono ofisi ya udahili, nafasi zimebaki chache, lete elfu sitini ya "kushikilia kiti". Dada yangu akauza mashine mbili za kushonea na mkufu wa mahari. Pesa taslimu, mkononi, ndani ya gari lake pale karibu na Kongowea. Baada ya wiki barua ikaja, nembo, sahihi, muhuri, kila kitu. Tukapika pilau!

Tukamsindikiza hadi Miritini, akapanda reli na sanduku jipya. Tukakaa hapo mpaka gari likaondoka, dada yangu anapunga leso. Kesho yake mchana kijana akapiga simu, sauti kama ya mtu aliye kisimani. Mama wa mapokezi amechukua barua, ameweka nambari kwenye tarakilishi, imetokea nambari ya msichana wa mwaka wa tatu. Akarudi ndani, akatoka na barua nyingine tatu za namna hiyo hiyo, zenye majina mengine. Watoto wa Mombasa wote.

Usiku ule hakuwa na pa kulala. Mlinzi wa lango akamwita akaketi naye kibandani hadi asubuhi, akamnunulia chai na mandazi.

BintiWaLikoni:
Yarabi! Na huyo mtu?

Kijana_wa_Tudor:
Mjomba, huyo mtu yuko wapi sasa? Mlienda polisi?

Mama_Two_Bamburi:
Nimesoma mara mbili. Mkufu wa mahari jamani.

Mjomba_Kisauni:
Polisi tulienda, tuliandikisha. Simu yake ilizimwa, nyumba aliyokuwa anaishi ilikuwa ya kupanga. Pesa haikurudi.

AbuSwafiya:
Na kijana?

Mjomba_Kisauni:
Yule mama wa mapokezi hakumtupa. Alimwambia, kwa C yako ingia diploma, mlango uko wazi, hauhitaji mtu. Akampa fomu. Alirudi nyumbani, akafanya kazi ya kubeba mizigo Kongowea, akaingia muhula wa Januari. Sasa yuko shahada, wamemhesabia masomo ya diploma.

Kijana_wa_Tudor:
Mjomba, naondoa lile neno langu la waliokosa alama. Poleni.

Mama_Two_Bamburi:
Basi kanuni ni hii: usilipe mtu, lipa benki tu, akaunti ya chuo.

Chaani_Halisi:
Ama Paybill ya chuo, mradi nambari umeitoa kwenye tovuti yao mwenyewe, si kwa mtu wa WhatsApp.

Mwalimu_Mstaafu_Kizingo:
Na kabla ya yote piga simu ofisi ya udahili, soma nambari ya kumbukumbu iliyo kwenye barua, waulize ni ya nani.

Mama_Two_Bamburi:
Mimi ningeenda mwenyewe. Reli daraja la kawaida ni 1,500, bei ya amani ya moyo.

Mzee_wa_Jumuiya:
Kwanza novena kwa Mtakatifu Yuda Tadei, halafu fomu ajaze usiku wa manane, mtandao ukiwa mwepesi. Yote mawili yalinifaa.

Nje_ya_Nchi_254:
Niongeze la mbali. Kuna vijana hapo Mombasa wenye A wanaoweza kujaribu hata Marekani. Notre Dame, chuo cha Kikatoliki cha Indiana, kilitangaza 2024 kwamba hata mwanafunzi wa kigeni hatapimwa kwa uwezo wa kulipa anapoomba nafasi, na msaada wao hauna mikopo. Kuingia ni kugumu mno, lakini kujaribu si dhambi. Vyuo vingine vingi huko havipo hivyo: vitataka uthibitisho wa pesa benki kabla ya kukupa ile fomu ya I-20 ya viza. Soma ukurasa wa msaada wa wageni kwanza, wa wenyeji usikudanganye.

Kijana_wa_Tudor:
Indiana tena! Mama Baraka ameuliza Nairobi.

Nje_ya_Nchi_254:
Kuna mwingine atasoma, kaka.

MamaBaraka_Mikindani:
Wote shukrani. Kijana yuko hapa nami, anauliza: akipata muhula mmoja tu wa karo, aingie ama aombe kuahirisha?

Mama_Two_Bamburi:
Aingie. Akishakuwa ndani watamhurumia.

Mwalimu_Mstaafu_Kizingo:
Naomba nipinge. Aandike kuahirisha kabla muhula haujaanza, kwa maandishi, apewe jibu kwa maandishi. Ukiingia ukaacha katikati bila barua, karo ya muhula ule inakungoja ukirudi.

BiZuhura_Majengo:
Mimi niko katikati. Aombe basari ya chuo leo, CDF na kaunti wakifungua. Wiki mbili kabla ya kufungua ahesabu alichonacho, ndipo aamue. Na aulize hosteli ni lazima ama anaweza kukaa kwa jamaa, sisi hapo ndipo tulipookoa pesa nyingi.

Chaani_Halisi:
Mwambie kijana aniandikie pembeni. Ile barua ya kuomba kulipa kidogo kidogo ninayo nakala yake, nitamsaidia kuandika yake: salio, tarehe, kiasi, na nambari ya simu ya mzazi inayopatikana. Aweke tarehe anazoweza kuzitimiza kweli. Ukivunja ya kwanza, ya pili hawakusikilizi.