Nimekuwa mkali mno kwa watu wangu kazini tangu hali iwe ngumu. Naomba mbinu za kuzuia hasira

Kiongozi Mchovu:
Wakuu, habari zenu. Naongoza idara ndogo, watu wanane. Tangu mauzo yaporomoke nafoka kwa kila kitu. Jana binti mmoja aliuliza swali la kawaida tu kikaoni, nikamjibu hadi wote wakainamisha vichwa. Nikiingia ofisini, stori zinakatika. Usiku sipati usingizi. Uongozi wa juu nao hauniambii kitu. Nipeni mbinu za kuzuia hasira nisionekane nimeyumba. Kejeli sitaki.

Nyundo:
Kimbia asubuhi, mkuu. Mwaka 2020 wakati wa korona tulikatwa mishahara, nikawa nagombana hadi na mlango. Nikaanza kukimbia, na mke nikampatia hukohuko barabarani. Siku hizi ananifokea kuliko bosi, ila hiyo mada yake inakuja.

Mama Subira:
Hasira hasara, mwanangu. Mkipewa cheo mnasahau kuwa walio chini yenu ni watoto wa watu. Funga, omba, kisha kamwombe msamaha huyo binti.

Msomi Njaa:
Kuzuia hakutakusaidia. Mwanasaikolojia James Gross alionyesha tangu miaka ya 1990 kwamba ukificha hisia usoni, moyoni hazipungui, na mwili ndio unazidi kuhangaika. Bora ulitazame jambo upya kabla halijakupanda kichwani. Halafu wenzako wanaambukizwa. Sigal Barsade alichapisha utafiti wake 2002: alipenyeza mwigizaji kwenye vikundi vilivyokuwa vikijadili mgawo wa bonasi, na hali ya yule mtu mmoja ikawaingia wenzake. Sasa niambie, watu wako wanajua nini kuhusu kampuni?

Kiongozi Mchovu:
Wanajua hali si nzuri. Nimewahakikishia hakuna atakayepunguzwa.

Msomi Njaa:
Ni kweli?

Nyundo:
Mkuu, umeulizwa.

Kiongozi Mchovu:
Sawa. Orodha ipo, ni watu watatu, nimeshasaini. Inatangazwa Ijumaa. Ningewaambia mapema nani angefanya kazi? Na kabla hamjanirukia: shemeji yangu alikuwemo, nikamtoa, nikaweka jina la yule binti. Shemeji ana watoto wanasoma. Binti bado mdogo, atapata kwingine. Kiongozi lazima afanye maamuzi magumu.

Mama Subira:
Yuleyule aliyeuliza swali?! Eti magumu! Magumu kwa nani?

Msomi Njaa:
Basi hasira yako imejieleza, unamfokea mtu ambaye huwezi kumtazama usoni. Na hiyo ahadi ndiyo itakayokuumbua. James Stockdale, rubani wa Marekani aliyefungwa Vietnam kwa zaidi ya miaka 7, alisimulia kuwa waliovunjika ni wale waliojiaminisha watatoka Krismasi, kisha Pasaka, kisha Krismasi tena. Waite kesho, waambie kuna watu watapunguzwa. Na orodha irudishe ilivyokuwa.

Kiongozi Mchovu:
Nikirudisha, nyumbani nitakaa wapi? Mke wangu ndiye aliyeniomba. Nimekuja kuuliza kuhusu hasira, si kuhusu orodha.

Nyundo:
Anza kwa kujikata mshahara wewe. Satoru Iwata, aliyekuwa bosi wa Nintendo, kampuni ya michezo ya video ya Japani, alijikata nusu mwaka 2014.

Kiongozi Mchovu:
Nina mkopo.

Nyundo:
Hao watatu je, hawana?

Mpiga Ramli:
Chai hii. Juu umeandika uongozi haukuambii kitu, huku chini umesaini orodha yao. Chagua moja. Shemeji, binti, mke, Ijumaa… bado mganga tu. Watu wenye stresi za kweli hawapangi stori vizuri namna hii.

Msomi Njaa:
Hata kama ni chai, ofisi za hivi zipo.

Mpiga Ramli:
Msomi, wewe unajibu mitihani ambayo haijatungwa.

Mgeni Mpya:
Samahani mkuu, leo ndiyo nimejiunga. Kikao cha jana kilianza saa nne? Na huyo shemeji yupo stoo?

Nyundo:
😂😂😂 Mungu wangu.

Mgeni Mpya:
Nauliza tu. Mimi nilikaa karibu na dirisha.

Kiongozi Mchovu:
Moderata, naomba uzi ufungwe.