Naomba ushauri: nani nimtaje kuwa mgunduzi wa cherehani?

Wakuu, shikamooni, na wenzangu habari zenu. Naandaa somo la viwanda vya Marekani karne ya 19 kwa vijana wanaojifunza ushonaji, nimekwama.

Nilitaka kumweka Elias Howe, aliyepata hataza (haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi) mwaka 1846 kwa mashine yenye sindano ya tundu kwenye ncha na mshono wa nyuzi mbili. Lakini Walter Hunt alishatengeneza ya namna hiyo New York miaka ya 1830, hakuiombea hataza. Isaac Singer naye alipata yake mwaka 1851. Howe akamshtaki, akashinda mwaka 1854, Singer akalazimika kumlipa. Kisha mwaka 1856 makampuni makubwa yakaunganisha hataza zao ili kesi ziishe. Mwaka huohuo Edward Clark, mshirika wa Singer, akaanza kuuza cherehani kwa malipo ya kidogo kidogo. Mimi naona hapo ndipo biashara ilipochanua kweli, maana familia nyingi zisingeweza kulipa kwa mkupuo.

Nimejaribu kuwapanga kwa miaka tu, ila wanafunzi wanaishia kukariri majina. Nikimtaja Howe peke yake, namwonea Hunt, na roho inanisuta.

Naombeni mnisaidie mawili: nianze na Hunt, au na kesi ya Howe na Singer? Na kwa kipindi cha dakika 40, Clark apewe nafasi sawa na wagunduzi?