Mradi wa mwaka wa mwisho: tatizo la kiwandani, wazo lako au utafiti wa mwalimu?

MotaTatu: Wakuu, nasoma uhandisi wa umeme CoET, chuo cha uhandisi cha UDSM pale Mlimani, naingia mwaka wa nne, na natafuta mradi wa kumalizia shahada. Nina njia tatu. Kiwanda cha kusaga nafaka nilikofanyia PT (mafunzo kwa vitendo) wanalia na bili ya umeme na wako tayari nilishughulikie tatizo hilo. Nina wazo langu la umwagiliaji unaojiendesha kwa sensa za unyevu. Tena kuna mwalimu anatafuta mwanafunzi wa kuingia kwenye utafiti wake wa sola. Ipi itanifaa nikishamaliza?

FundiWaUbungo: Kiwandani, mdogo wangu. Wateja wakubwa wa TANESCO hawalipii uniti peke yake, wanatozwa pia kilele cha matumizi kwa kVA, yaani umeme wote unaovutwa, hata ule usiofanya kazi. Chukulia mzigo wa kW 200 wenye pawa fakta (sehemu ya umeme huo inayofanya kazi kweli) 0.75: hapo kilele ni kama kVA 267. Funga kapasita za kVAr 110 hivi (kVAr ni kipimo cha ule umeme usiofanya kazi, na kapasita ndizo zinautoa badala ya gridi), pawa fakta inapanda hadi 0.95 na kilele kinashuka mpaka kVA 210. Mahindi yanasagwa yaleyale, bili inapungua. Mradi wa namna hiyo hata mhasibu wa kiwanda anauelewa.

Kipepeo_TZ: Mbona wazo lake mnalipita? Wazo lako unaweza kulipeleka MAKISATU, yale mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na hakuna wa kukufungia geti.

FundiWaUbungo: Sawa mkuu, lakini amtafute kwanza mkulima mwenye shamba na pampu. Sensa iliyojaribiwa kwenye ndoo ya udongo haijakutana na chumvi, jua wala panya wa kutafuna waya.

InjiniaDada: Naunga mkono kiwanda, ila kiwanda hakifuati kalenda ya chuo. Enzi zangu, mahali fulani walibadilisha meneja katikati ya muhula na data zote zikazuiwa. Kwa hiyo pata barua ya ruhusa na bili za mwaka mzima kabla hujaandika pendekezo, na mkubaliane kwa maandishi kama jina lao litatajwa. Halafu, kabla ya kufunga kapasita, uliza kama kuna VFD, vifaa vya kubadili kasi ya mota, maana huleta harmoniki, yaani mawimbi ya umeme yaliyovurugika. Harmoniki zikizidi, kapasita huchemka na kuharibika mapema, itabidi uongeze riakta, koili za kuzikinga.

La mwisho: ukihitimu utahitaji miaka mitatu ya SEAP, mafunzo ya kazini ya wahandisi wapya, chini ya mhandisi aliyesajiliwa ERB, Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Mhandisi wa kiwandani aliyekuona ukipima paneli zake za umeme ni rahisi kukupokea. Utafiti wa mwalimu uchukue kama unawaza shahada ya uzamili.

MotaTatu: Asante sana dada. Nimempigia fundi mkuu, anasema kuna VFD mbili kwenye konveya, mota za vinu zinawashwa kwa star-delta, njia ya kupunguza umeme wakati wa kuwasha. Bili nazifuata Jumatatu. Pawa analaiza, kile kifaa cha kupima na kurekodi umeme, naipata wapi?

InjiniaDada: Ulizia maabara ya idara. Ukiipata, iunganishe kwenye paneli na uiache ipime wiki nzima, zamu ya usiku ikiwemo.