Kamanda wangu kauawa kwa ncha ya bendera, halafu naambiwa RUDI KWENYE DRAFTI

Kamanda_Mstaafu (mleta uzi):
Wakuu, naandika hapa hata koti sijavua. Nimekereka kupita kiasi.

Jina simtaji. Wa Birmingham mnaokuja Jumamosi wote mnamjua. Yule wa kofia ya Yanga, anayekuja na leza ya kupimia nani anamuona nani, tepu mbili na kitabu cha sheria kilichobandikwa vikaratasi vya rangi kama gari la harusi.

Tulikubaliana kabla dadu ya kwanza haijarushwa: madirisha ya chini ya magofu yamezibwa. Kwenye mashindano ya Warhammer 40,000, huu mchezo wetu wa vita vya vidoli mezani, wengi ndivyo wanavyocheza, maana magofu ya plastiki ni matundu matupu na bila hivyo hakuna pa kujificha. Akasema sawa. Kwa mdomo wake. Nikamweka kamanda ndani ya gofu, chini kabisa, kajibana ukutani, walinzi wake wameshakufa wote. Nikasema hapa baba pumzika.

Ikaja zamu yake. Jamaa akapiga magoti. Akafumba jicho moja. Akatoa leza. "Namuona."

Unamuona nani?

"Bendera. Pale pembeni ya dirisha kuna ufa."

UFA WAKUU! Ukuta umemeguka pale kwa sababu yeye mwenyewe aliudondosha! Ncha ya bendera, punje ya mchele ni kubwa, imechungulia. Namwambia tuliziba. Ananijibu, "Tuliziba madirisha. Ufa hatukuuzungumzia."

Ndiyo, toleo la 10 la sheria linasema sehemu yoyote ya modeli ikionekana basi imeonekana, na ikionekana inapigwa. Najua kusoma. Toleo la 2008 lilikuwa na akili, liliandika wazi kwamba ikionekana silaha au bendera tu, hujamuona mtu. Basi nikamwambia turushe dadu moja, 4 kwenda juu yako, 3 kushuka yangu, watu wazima ndivyo wanavyomaliza ubishi. Akakataa. Akanipiga-piga begani, mbele za watu, akasema kwa upole kabisa: "Kaka, huu mchezo unataka kusoma. Rudi kwenye drafti."

DRAFTI. Mimi. Niliyempaka kamanda yule rangi mpaka kope!

Na huyo msomi ndiye anayepima mwendo kuanzia mbele ya kitako cha askari, kile kisahani anachosimamia, halafu anamshusha askari mzima ng'ambo ya alama. Kitako ni milimita 32, kwa hiyo kila zamu anaiba inchi moja na robo. Askari wa inchi 6 anatembea 7 na robo. Tungeendelea kidogo jeshi lake lingefika chooni. Sikusema kitu, nilimstahi. Lakini bendera yangu kaiona! Kwenye ufa! Rudi kwenye drafti!

Nawasilisha.

fundi_dadu:
Pole sana mkuu. Marehemu ameacha watoto?

BintiKisauni:
Huyo namjua vizuri sana. Dadu yake ikiegemea ukuta na inaonyesha 6, "imekaa hiyo." Ikionyesha 1, "imeegemea, narudia."

Kamanda_Mstaafu:
AHSANTE DADA. Wengine wanadhani naota.

Mzee wa Tandika:
Wakuu samahani, nimefungua uzi nikijua kuna kamanda kauawa kweli. Nimemuamsha na mama watoto. Hivi hivyo vidoli ni shilingi ngapi?

fundi_dadu:
Usiulize mzee wangu. Kiboksi kimoja ni hela ya mbuzi, unaviunganisha mwenyewe kwa gundi, na bado rangi hujanunua.

Mzee wa Tandika:
Mbuzi mzima?? Na unambandika mwenyewe kwa gundi???

kimya_kingi:
Mleta uzi, nani alikutuma kuweka bendera ndefu kwa mtu anayejificha? Kata mlingoti, kesi imekwisha.

Kamanda_Mstaafu:
Nikikata atasema nimemfupisha makusudi ili asionekane, na hapo waamuzi watakuwa upande wake. Huyo mtu ana jibu la kila kitu. Hata ufa alikuwa na jibu la ufa!

Prof_Majedwali:
Haya mambo hayajaanza leo. Jeshi la Prussia, Wajerumani wa zamani, lilikuwa na mchezo wa vita wa mezani tangu 1824, na kulikuwa na mwamuzi wa kusema nani kamuona nani. Sheria zikazidi kunenepa mpaka 1876 afisa wao Verdy du Vernois akasema mwamuzi aamue tu kwa uzoefu wake. Na mwandishi Mwingereza H.G. Wells mwaka 1913, kwenye mchezo wake wa askari wa vidoli, alitumia mzinga wa springi unaorusha kijiti. Askari akiangushwa, kafa. Leza ya nini?

Mzee wa Tandika:
Prof, tulikuwa kwenye mbuzi.

Kofia_Kijani:
Ufa haukuwa kwenye makubaliano. Na ukuta ulidondoka kwa bahati mbaya.

BintiKisauni:
Kumbe umo! Umeegemea wewe, rudia!

Mwana_Kijiwe:
Ngojeni kwanza. Drafti imewakosea nini? Kumbe "rudi kwenye drafti" ni tusi siku hizi? Ubishi wa kweli uko huku. Kijiweni kwetu kuna mtu ukimtegea ale kete moja ili wewe ule tatu, anasema kula si lazima. Ikifika zamu yake, kula ni lazima tangu enzi za mkoloni. Na anachezea vifuniko vya soda alivyokuja navyo mwenyewe, juu chini huvijui, kingi anajitawaza akitaka.

kimya_kingi:
Hiyo ya kingi imenitoa nauli. Mtaani kwetu kingi akila anatua popote nyuma ya kete aliyoila. Nikahamia mtaa wa pili, wananiambia anatua hapo hapo nyuma yake. Niliondoka kwa miguu.

Kamanda_Mstaafu:
Wakuu, turudi kwenye mada. Ufa ni dirisha au si dirisha?

Mwana_Kijiwe:
Ulipotua popote ulikuwa sahihi mkuu. Hao wa mtaa wa pili ni wezi.

Pwani_Shwari:
Drafti mnalia nini nyie. Njooni kwenye bao. Kete 64, mashimo 32, mzee anamwaga jicho halifuati, shimo hili anaangusha mbili, lile analiruka, anaishia pale pale anapopataka. Juzi namwambia, "Shikamoo mzee, hapo umeruka shimo." Akajibu marahaba na mkono haukusimama.

fundi_dadu:
Huyo si yule wa barazani, mwenye bakora? Kanila nyumba yangu nzima, lile shimo langu lenye kete nyingi, nikiomba arudie ananiuliza nilikuwa wapi wakati anamwaga.

Pwani_Shwari:
Ndiye yeye! Huyo anastahili uzi wake.