Pasaka Roma: je, Sistina hufunguliwa?

MamaKwaya_Kisumu: Wapendwa, binti yangu anasoma Italia, amenikatia tiketi ya ndege. Nitakuwa Roma kuanzia Alhamisi Kuu hadi Jumatatu ya Pasaka. Wanakwaya wenzangu hapa Kondele wanataka picha za Kanisa la Sistina. Siku hizo hufunguliwa? Na magoti yangu si ya jana, nawaambia mapema.

BabuSection58: Hongera, mama. Sistina iko ndani ya Makumbusho ya Vatikani, na Jumapili ya Pasaka na Jumatatu yake hufungwa. Nenda Alhamisi, kata tiketi mtandaoni mapema. Picha? Wanakwaya wasahau, ndani ni marufuku kabisa. Jumapili misa ni nje, uwanja wa Mtakatifu Petro, umejaa maua ya Uholanzi. Adhuhuri Papa hutoa baraka kutoka roshani. Tiketi ya misa ni bure. Anayekuuzia ni tapeli tu, kama wale wa stendi yetu Nakuru.

Achi_Kakamega: Viatu bapa, mama! Barabara za katikati ya mji ni mawe matupu. Maji usinunue: kuna mifereji ya chuma mitaani, maji safi, baridi. Ziba mdomo wa bomba kwa kidole, maji yaruke juu kupitia kitundu, unywe bila kuinama sana.

MamaKwaya_Kisumu: Asanteni sana. Na Ijumaa Kuu jioni?

BabuSection58: Njia ya Msalaba, pale Koloseo, ule uwanja wa kale wa Warumi. Ni kusimama muda mrefu, beba kistuli.