Ushauri: natafuta "On a Magic Carpet Ride" ya Kiki Dee, toleo la 1968

Mpenda_Zilipendwa:
Wakuu, habari zenu. Nimepata muuzaji Uingereza mwenye santuri ya mono ya mwimbaji Mwingereza Kiki Dee, ya kampuni ya Fontana, yenye wimbo huu upande B. Anasema hali yake ni VG+ (nzuri sana, yenye alama chache za matumizi), ila ametuma picha moja tu. Nimuulize nini kabla ya kulipa? Na katriji yangu (kichwa kinachoshika sindano) ni ya stereo, itafaa?

Sindano45:
Mkuu, anza kwa kulinganisha bei. Tafuta pia kwa jina la upande A, "Now the Flowers Cry". Asiyefuatilia northern soul (muziki wa soul uliopendwa kwenye kumbi za dansi za kaskazini mwa Uingereza) huiorodhesha hivyo, na mara nyingi kwa bei ya chini. Thamani yote imetoka upande B, kwa sababu madansa wa huko ndio walioupenda.

Mwombe picha za pande zote mbili, taa ikimulika kutoka ubavuni, kisha akurekodie sekunde 30 za mwisho za upande B. Karibu na lebo ya karatasi ya katikati mzunguko ni mfupi, mawimbi ya sauti yamebanana, na sindano nzito za zamani huharibu hapo kwanza. VG+ ya kutazama kwa macho haionyeshi hilo. Ukisikia herufi "s" zinakwaruza, achana nayo, maana mfereji wa sauti ulioliwa hausafishiki.

BiSanturi:
Aangalie na tundu la katikati. Singo (santuri ndogo za wimbo mmoja kila upande) nyingi za Uingereza za wakati ule zina kitovu kinachong'oka ili ziingie kwenye jukboksi, mashine ya kuchezesha muziki kwa sarafu. Kung'olewa si tatizo, adapta inatosha. Tatizo ni tundu lililotobolewa upande: sauti itayumba mpaka mwisho wa wimbo.

Katriji ya stereo inafaa. Bonyeza swichi ya mono kwenye amplifaya kama unayo. Mfereji wa mono hubeba muziki kwa kwenda kushoto na kulia tu, kwa hiyo kelele nyingi za juu na chini hufutika. Ukiweza, weka sindano ya duara ya maikroni 25. Mara nyingi hugusa sehemu ya ukuta ambayo sindano nyembamba haikuichakaza.

Mpenda_Zilipendwa:
Asanteni sana. Na kuiosha?

Sindano45:
Maji yaliyotoneshwa (distilled) sehemu 4, alkoholi ya isopropili sehemu 1, tone moja la sabuni isiyo na manukato. Fuata mfereji kwa brashi laini, usilowanishe lebo, suuza kwa maji hayo matupu. Mchanganyiko huu usiutumie kwa santuri za kale za mizunguko 78 kwa dakika wala singo za Kimarekani za plastiki ya stairini, alkoholi itaziharibu.

BiSanturi:
Asafirishe santuri ikiwa nje ya jaketi yake, kati ya makadi mawili magumu, la sivyo itapasua karatasi njiani. Na usiishie kwa singo hii, ndugu yangu. Wengi wanamjua Kiki Dee kwa wimbo wa 1976 na Elton John tu, kumbe ndiye mwanamke wa kwanza Mwingereza kusajiliwa na Motown, kampuni ya muziki wa soul ya Marekani. Albamu yake huko ilitoka 1970, nayo itafute.