Jumba la kimwinyi la Uingereza: ukumbi, jiko na mabanda yanapangwaje?

Mchoraji_UsaRiver
Habari wakuu. Kuna mteja huku Usa River, Arusha, anataka nyumba ya wageni ichorwe kwa mfano wa jumba la kimwinyi la Uingereza la karne ya 14, pamoja na jiko na mabanda yake. Sura nimeipata pichani, mpangilio ndio unaonishinda. Kwa nini mwisho mmoja wa ukumbi kuna milango mitatu imepangana? Kwa nini ghala lina milango mikubwa miwili inayotazamana? Yale mawe ya umbo la uyoga chini ya kibanda cha nafaka ni urembo? Kuta zitakuwa za mawe ya hapahapa.

KambaNaTimazi
Mkuu, anza na ukumbi. Una upande wa juu, wa heshima, na wa chini, wa huduma. Juu ni jukwaa la meza ya bwana, na karibu nalo ngazi ya kupandia chumba chake cha faragha. Chini kuna ujia unaokata nyumba toka mbele hadi uani, umekingwa na kiambaza cha mbao kuzuia upepo. Milango mitatu inafungukia ujia huo: stoo ya vinywaji, stoo ya mikate, na wa katikati unaelekea jikoni. Penshurst Place, huko Kent, ukumbi wake wa 1341 unaonyesha hivyo mpaka leo, na meko ya pembe nane ipo katikati ya sakafu. Dohani haikuwepo, moshi ulitokea tundu la paani. Kwa hiyo usiweke dari: ukumbi unakuwa ukumbi kwa sababu kenchi zinaonekana.

Jiko lilitengwa kwa hofu ya moto. Stoo ya vinywaji walipenda kuiweka kaskazini ipate ubaridi, na hilo usiliige. Arusha jua la mchana hukaa kaskazini karibu nusu ya mwaka, kisha huhamia kusini. Kuta za kukinga ni za mashariki na magharibi.

Mama_Ghala
Milango ya ghala ni ya upepo. Kati yake ni sakafu ya kupuria. Ukifungua yote miwili upepo unapita, unarusha nafaka juu, makapi yanaondoka, kama tunavyopepeta maharage kwa ungo. Ukiziba mmoja kwa kioo, umebaki na chumba kirefu tu.

Angalia pia ghala la Great Coxwell, huko Uingereza, la mwisho wa karne ya 13, urefu wake mita 46 hivi. Nguzo za mwaloni hazigusi sakafu, zimesimama juu ya vitako vya mawe vya takriban mita 2. Kwetu kuna mchwa, hapo iga bila kusita.

Mawe ya uyoga ni ya panya. Anapanda mguu, anakutana na kofia iliyotokeza, anashindwa kugeuka chini juu. Ni kazi ileile ya bati tunalovalisha miguu ya kihenge cha mahindi. Wengi wanakosea ngazi: wanaiunganisha na mlango, panya anapita hapo. Acha pengo kati ya ngazi na kibanda, mtu aruke hatua.

Mchoraji_UsaRiver
Asante sana, nimeelewa. Kuta je, plasta ya simenti inafaa?

KambaNaTimazi
Msingi tumia simenti, na weka nailoni ya kuzuia unyevu angalau sm 15 juu ya ardhi. Kuanzia hapo kwenda juu, chokaa. Mawe yetu ya volkeno yana vinyweleo: maji ya mvua yakiingia nyuma ya simenti hayatoki, chumvi inaganda humo, plasta inaachia. Gonga kwa mpini wa mwiko, utasikia mlio wa debe tupu.

Chokaa ya gunia iloweke kwenye pipa walau siku nzima hadi iwe kama uji mzito. Changanya ndoo 1 kwa 3 za mchanga mkali usio na udongo. Lowesha mawe kwanza, la sivyo yatanyonya maji na plasta itapasuka. Kila koti lisizidi mm 10, na usipige la pili kabla la kwanza halijakaza. Funika kwa magunia mabichi wiki nzima, maana chokaa hukauka polepole kwa kuvuta hewa. Maliza kuta za nje mapema kabla ya Machi: masika ikikuta koti bichi italiosha lote. Mafundi wavae miwani, chokaa inaunguza macho.